Akala Ni Ukanda

Mtu akizisifu akala, sandali za tairi kuukuu, husifu soli. Atakuambia tairi haliishi, kwamba baba yake alivaa jozi moja tangu ujana hadi uzee, kwamba mwiba wa mgunga huvunjika kabla haujaufikia unyayo. Chumvi kidogo ukiiondoa, ni kweli. Lakini sifa hizo hazimfikii fundi. Soli ilitengenezwa kiwandani na watu waliokuwa wakiwazia lori, si mguu, na ilikwisha kumaliza kazi yake ya kwanza barabarani kabla haijaangukia mikononi mwa fundi wa Kasikeu, Ukambani. Kazi yake yeye ni ukanda: uingilie wapi, utokee wapi, ukazwe kiasi gani na, zaidi ya yote, ulegezwe kiasi gani.

Kasikeu ni mahali pazuri pa kuitazama kazi hii. Chini yake kuna Sultan Hamud, mji uliobaki na jina la Hamud bin Mohammed aliyetawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ileile reli ilipokuwa ikipasua nyika. Hapo inapita barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na barabara ya malori haikosi tairi kuukuu. Ng'ambo ni Kajiado, kwa wafugaji wa Kimaasai, ambao nao ni wateja wa akala tangu zamani. Upande wa pili nchi inapanda kuelekea milima ya Kilungu. Mtu wa hapa anaweza asubuhi kukanyaga kokoto, saa nne akavuka mto wa mchanga ambao maji yake yamejificha chini, mchana akapita juu ya tuta la shamba, na jioni akapandisha mlima na mtungi mgongoni. Mbigili zinamngoja kote. Kiatu kinachofaa njia moja tu hakimfai.

Ndiyo maana fundi mzuri hakuulizi namba ya kiatu. Anakuuliza, "Unaenda nazo wapi?" Mchunga mbuzi hapewi jozi anayopewa mwendesha bodaboda, na susu, yaani bibi, anayekwenda kanisani mara moja kwa wiki ana haki ya ukanda laini kuliko wote wawili. Baada ya hapo anakuambia ukanyage kipande cha tairi, anauzungushia chaki mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Wenye haraka huchora mmoja na kuugeuza. Hao waepuke. Miguu ya mtu mmoja hailingani, na ya anayebeba mizigo upande mmoja miaka yote hailingani hata kidogo.

Tairi lenyewe lina siasa yake. La gari dogo limejikunja mno; ukilikata soli, ncha na kisigino vinanyanyuka na mtu anatembea juu ya kitu kinachobembea. La lori lina duara kubwa, kwa hiyo mkunjo wake ni mpole, na mkunjo huo mpole una faida: mbele panapoinuka kidogo, mguu unabiringika kwenda hatua inayofuata bila kulazimishwa. Fundi hukata kwa kufuata mzunguko wa tairi ili mkunjo uende kutoka vidoleni hadi kisiginoni. Akikata kwa kukingama, mkunjo unalala kiubavu na kifundo cha mguu kitateguka. Kisu anakilowesha maji kila mara, kwa kuwa mpira mkavu hukishika chuma ukakikatalia.

Shida ya siku hizi ni nyaya. Zamani tairi nyingi zilikuwa na matabaka ya nyuzi za nailoni zilizopishana, na kisu kikali kilizimudu. Kisha likaenea tairi la radiali, aina ambayo Michelin ya Ufaransa iliipatia hataza mwaka 1946, ambalo la lori limejaa chuma ndani. Dereva analipenda kwa sababu linadumu. Fundi wa akala analiangalia kwa jicho la pembeni, maana ncha moja ya waya iliyosahaulika itamtafuta mwenye mguu siku moja akiwa mbali na nyumbani. Kwa hiyo tairi la nailoni likipatikana huwekwa kando kwa wateja wanaojulikana.

Sasa tazama mikono. Mguu wa mteja uko juu ya soli, haunyanyuki. Kwa chaki fundi anatia alama mbili za mbele: moja pembeni mwa fundo la kidole gumba, nyingine pembeni mwa fundo la kidole cha mwisho. Hii ya pili anairudisha nyuma kidogo, kwa kuwa vidole vya binadamu havikupangwa kwenye mstari mnyoofu. Alama nyingine mbili zinakaa chini ya kifundo, mbele kidogo ya kisigino. Mguu unaondolewa, patasi inashuka. Tundu anayoitoboa ni nyembamba kuliko ukanda wenyewe, na hapo ndipo ufundi ulipo. Ukanda unachongwa ncha, unapenyezwa, unavutwa kwa koleo kutoka upande wa pili, na mpira ukirudia unene wake unajibana wenyewe ndani ya soli. Msumari mfupi unaofuata, unaopigwa juu ya kipande cha chuma ili ncha yake ijikunje, ni wa kusaidia tu. Fundi anayetegemea msumari peke yake utamrudia kabla ya mvua mbili.

Sogeza tundu za mbele upana wa kidole kuelekea vidoleni, uone kitakachotokea. Nyuma ya mguu inabaki bila mwenyewe. Kila hatua soli inachelewa, inakipiga kisigino pa, pa, pa, na ukikata kona mguu unatangulia, akala inafuata kwa wakati wake. Zirudishe nyuma kupita kiasi: ukiteremka, mguu unateleza mpaka vidole vinachungulia nje, na jiwe la kwanza halitakosea shabaha. Ukanda wa nyuma ukipanda mno unasugua mshipa ulio juu ya kisigino. Ukishuka mno unachomoka na kukanyagwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Adhabu ya ukanda aijuaye kisigino.

Lakini mtihani mgumu zaidi ni wa ubavuni. Mashamba mengi ya huku yamekatwa matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Ukipita kando ya tuta, mguu mmoja uko juu, mwingine chini, na uzito wote unalalia ukingo mmoja wa akala. Ukanda uliolegea upande huo unauachia mguu ubingirike nje ya soli. Uliokazwa sawasawa unaugeuza mguu na soli kuwa kitu kimoja: ukiinamisha kifundo, ukingo wa mpira unauma udongo papo hapo. Ndiyo sababu kanda za mbele hupishanishwa juu ya mguu badala ya kukatiza moja kwa moja. Kila upande unashikwa na ukanda uliotokea upande mwingine.

Wako watu wa mbali kabisa, wasiojua mbigili ni nini, waliofikia jibu hilihili la ukanda. Mwaka 1965, huko Muskegon, Michigan, Sherman Poppen aliunganisha ski mbili ili binti zake wateleze juu ya theluji wakiwa wamesimama. Kifaa hicho kikaitwa Snurfer. Hakikuwa na cha kufungia miguu. Mtu alisimama juu yake na kushika kamba iliyofungwa kwenye ncha. Kuanzia 1977 Jake Burton Carpenter, katika jimbo la Vermont, alitengeneza ubao wake akautia kanda za miguu, na mchezo ukabadilika. Asiyefungwa miguu hupelekwa na ubao popote. Aliyefungwa huupeleka anakotaka.

Vifungo vya leo vya ubao wa theluji vina ukanda wa kifundo, ukanda wa vidole, na kiegemeo kigumu kinachopanda nyuma ya mguu kuelekea shavu lake. Mtelezaji akiegemea nyuma, kiegemeo kinausukuma ukingo wa upande wa visigino uingie theluji; akiinama mbele, kanda ndizo zinazouinua ukingo huo na kuuzamisha ule wa vidoleni. Kifungo kigumu hupeleka amri upesi na hakisamehe kosa. Kilicho laini huchelewa kidogo, lakini humwachia mtu nafasi ya kujirekebisha, ndiyo maana wanaoanza na wanaopenda michezo ya kurukaruka hukichagua. Kiatu kikielea ndani ya kifungo, kila amri inafika imechelewa. Kikibanwa kupita kiasi, mguu unakufa ganzi na hakuna tena anayeamuru. Mweleze fundi wa Kasikeu haya yote, atashangaa theluji tu. Mengine anayajua.

Mchezo huo wa ubao uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Nagano, Japani, mwaka 1998. Michezo ileile ndiyo iliyomwona Philip Boit, mtu wa Eldoret aliyezoea kukimbia mita 800, akiwa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Alikuwa wa mwisho katika mbio za ski za kilomita 10, dakika 20 nyuma ya Mnorwe Bjørn Dæhlie, ambaye alimngoja mstarini akamkumbatia. Baadaye Boit akampa mwanawe jina hilo la Dæhlie. Wengi wanakikumbuka kisa kwa ajili ya kumbatio. Mimi huwa naifikiria miguu ya Boit. Ski za mbio hizo hushika ncha ya kiatu peke yake na kukiacha kisigino huru kinyanyuke, kwa kuwa anayezivaa hana budi kusukuma, kupanda na kuteleza kwa zamu. Ni shauri lilelile analolikata fundi kila akitia alama zake za chaki: mahali gani mguu ufungwe, mahali gani uachiwe.

Kuachia ndiko kunakomtenga fundi na mpiga misumari. Mguu wa asubuhi si mguu wa alasiri. Mtu akitembea juani, mguu huvimba. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu huvutika siku za mwanzo, ule uliochunwa kwenye matabaka ya tairi hauvutiki karibu kabisa. Kwa hiyo fundi anayetumia tyubu hukaza zaidi ya unavyopenda na kukuambia uvumilie. Anayetumia matabaka huacha nafasi kidole chake kidogo kipite chini ya ukanda bila kulazimisha. Mchanga nao una haki yake. Ukiingia lazima upate pa kutokea, la sivyo utasaga ngozi. Akala iliyobana kila mahali haifai kuvuka mto wa Ukambani. Hesabu zote hizi fundi hazifanyi kwa karatasi wala kwa rula. Anakuambia, "Simama. Tembea mpaka pale kwenye mti. Geuka. Rudi." Yeye hatazami akala. Anatazama goti lako, na anasikiliza kama kisigino kinapigwa.

Ukambani ina sifa ya mikono tangu zamani. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kutoka kwake ikazaliwa biashara iliyopeleka twiga na vifaru wa mbao hadi rafu za Ulaya. Kikapu cha kiondo nacho kilisafiri. Akala ilibaki nyumbani ikichekwa. Kwa muda mrefu mtoto aliyekwenda nazo shuleni alijua atataniwa na mwenye viatu vya Bata, na hata leo mtu akitaka kukuita mshamba kwa adabu atazitaja. Mimi naona huo ni upungufu wa macho. Twiga wa mbao kazi yake ni kusimama rafuni. Akala inapaswa kumbeba mtu mwenye mzigo kwenye mteremko, na ikikosewa kwa upana wa kidole, anaanguka.

Raba za mitumba na sandali za plastiki zimechukua wateja wengi, na si haki kuwalaumu wanunuzi. Ni nyepesi, zina rangi, na zinapatikana mara moja. Lakini hazikukatwa kwa ajili ya mguu wa mtu yeyote. Mguu ndio unaozizoea.

Basi ukipita Kasikeu na ukiona vipande vya tairi vimening'inizwa kibandani, usichukue jozi iliyokwisha kutengenezwa. Nenda alasiri, miguu ikiwa imechoka. Mwambie fundi njia unayopita kila siku, si ile unayoitamani. Mwache apime miguu yote miwili, na akimaliza ushuke nazo mahali penye mteremko kabla hujalipa. Mwombe asikate mkia wa ukanda karibu sana na tundu, abakize kipande chini ya soli. Baada ya wiki mbili utarudi, atauvuta, atapiga msumari mpya, na kwa kazi hiyo ya pili wengi wao hawadai chochote. Ukiwa na chochote, mpe.