Kinyume cha Anika

Jioni moja Tanga, wingu zito likiwa limetanda upande wa bahari, mtoto wa jirani aliniletea daftari lake. Zoezi lilikuwa la vinyume, maneno kumi, na tisa alikwisha kuyamaliza. La kumi lilimshinda: anika. Alikuwa ameandika "kutoanika", akafuta, akaandika tena, mpaka karatasi ikaanza kutoboka.

"Shangazi, hili halina kinyume."

Nikamuuliza, mvua ikianza sasa hivi na kanga za mama zipo kambani, utafanyaje? Akajibu papo hapo, akinishangaa kama nimemuuliza jina lake: "Nitazianua."

Kisha akanyamaza, akaliangalia daftari. Tangu alipoanza kuifikia kamba amekuwa akianua nguo karibu kila siku, ila hakuna aliyewahi kumwekea maneno hayo mawili ubavu kwa ubavu ayaone.

Nayapenda mazoezi haya ya msamiati: toa maana, toa kisawe, toa kinyume, taja aina ya neno. Wengi huyakumbuka kama adhabu ya darasani, na mimi huumia kidogo ninaposikia hivyo, kwa sababu humo ndimo nilimojifunzia kuitazama lugha yangu kwa karibu.

Chukua hivyo vinyume. Kiswahili kina namna yake ya kulirudisha tendo lilikotoka. Funga, fungua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Kunja, kunjua. Fukia, fukua. Chomeka, chomoa. Wanasarufi huiita kauli ya kutendua, na ukitega sikio utasikia kwamba mzizi wenye o huita o nyingine mwishoni, ndiyo maana tunategua lakini tunachomoa. Kinachonivuta zaidi ni maana yake. Kufungua si kutofunga. Mlango ambao haukufungwa huwezi kuufungua. Lazima kwanza awepo aliyefunga, ndipo mkono urudi kwa njia ileile. Yule mtoto alipoandika "kutoanika" alikuwa amekanusha tu, na nguo zake zingebaki kwenye beseni. Kuanua ni kazi ya mtu anayekimbia uani kabla ya matone kuongezeka. Vivyo hivyo aliyejitwika ndoo kisimani huitua akifika nyumbani. Ndege naye hutua mtini, na jua hutua nyuma ya minazi. Kila nilisikiapo neno hilo naliona jua kama limechoka na mzigo.

Mwanafunzi akishaionja kanuni hii huifuata hadi pasipo pake. Nunua si kinyume cha nuna, maneno hayo hayana undugu wowote. Anayepindua mtumbwi hanyooshi kilichopinda. Vua la nguo ni mwenzake vaa, lakini vua la samaki ni neno jingine kabisa. Kosoa, kwa upande wake, linatokana na kosa, na hili nalisema mara nyingi kwa vijana wanaoogopa kalamu nyekundu: mwenye kukosoa anakutoa kwenye kosa kama mtu achomoavyo mwiba mguuni. Tumeliacha neno hilo lififie hadi likawa jina jingine la kulaumu, nami nasikitika.

Visawe vina ugumu wa aina nyingine. Mezani kwangu pana Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, iliyotoka mwaka 1998, na kurasa zake zimelegea kwa kufunuliwa. Ndani yake maneno yamekaa pamoja kama ndugu mkekani, na kazi ya msomaji ni kujua nani ni nani. Mtu akichungulia, lazima pawe na upenyo, au pazia, au ukuta wa kujifichia. Akikodoa, macho yamemtoka. Mbuzi hufa, kufariki tumewawekea watu. Kisawe kinatokana na sawa, lakini kila nikipima maneno mawili naona moja limezidi chembe.

Kutoa maana ndiko kugumu kuliko yote. Kamusi ya mmisionari Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, baada ya kifo chake, ilikifafanua Kiswahili kwa Kiingereza. Mwaka 1935 Frederick Johnson, katibu wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, alitoa kamusi iliyoeleza Kiswahili kwa Kiswahili, na mwaka 1981 ikaja Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ambayo wengi wetu tumekulia nayo. Kulieleza neno kwa lugha yake lenyewe kunakunyima pa kujificha. Nilimwambia yule mtoto anieleze kifumbu, kana kwamba sijawahi kuingia jikoni. "Kitu cha jikoni," akasema. Hata kisu ni kitu cha jikoni. "Cha kusuka." Hata ungo. Akafumba macho, mikono yake ikaanza kukamua hewani, kisha polepole: "Kifuko cha kusuka, unatia nazi iliyokunwa, unakamua, tui linatoka, machicha yanabaki." Niliiandika fasili hiyo kama alivyoitamka.

Kuhusu aina za maneno nitataja paa tu. Paa amekimbia, paa limevuja, ndege imepaa, mama anapaa samaki. Nomino mbili, vitenzi viwili, sauti moja, na vile vifupisho vya kamusi, nm na kt, ndivyo vinavyokuambia umesimama wapi. A- na li- zimekwisha kutenganisha mnyama na nyumba kabla hujafikiri.

Mvua ilipoanza, mtoto alifunika daftari kwa upande wa kanga yake na kusimama. Mlangoni akageuka.

"Shangazi, na subiri je?"

Nikafungua kinywa, nikakifumba. Harakisha? Hilo ni kwa mwenye pupa. Ondoka? Kwa aliyechoka kituoni. Kata tamaa? Kwa mama ambaye mwanawe yuko safarini miaka mingi. Inategemea anayesubiri ni nani na anasubiri nini. Akaenda zake mbio kwenye kamba ya kwao, nami katika daftari langu nikaandika subiri, na chini yake nikaacha mistari mitatu mitupu.