Menyu za Hazina ya Kiswahili cha Lubumbashi

Mwaka 1965 André Yav, mtumishi wa nyumbani, aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huo. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Baadaye ikawekwa kwenye intaneti, katika hazina iitwayo Archives of Popular Swahili. Kazi hiyo yastahili sifa, kwani matini asilia imehifadhiwa pamoja na tafsiri. Hata hivyo, menyu za hazina zilitungwa kwa Kiingereza. Hivyo msomaji wa Mitwaba, aliyesoma kwa Kifaransa, hana budi kupitia lugha ya tatu ili ayafikie maneno ya Lubumbashi. Menyu humchagua msomaji kabla matini haijasomwa. "Yaliyomo", "Matini", "Tafsiri", "Maelezo": maneno hayo manne yangetosha kumwelekeza mwenye lugha.