Bustani ya Uani na Watoto Wadogo

Bustani ya uani hukaa karibu na jiko, hata mpishi huweza kuinjika sufuria, akatoka kuchuma mboga, akarudi kabla kitunguu hakijaungua. Shamba hupimwa kwa ekari na kwa magunia. Bustani hii hupimwa kwa hatua kutoka mlangoni na kwa mafungu ya mchicha ambayo hayakununuliwa gengeni. Nyumba yenye watoto ambao hawajafikia umri wa shule hupata faida nyingine ya ukaribu huo. Anayepalilia husikia kilio cha aliyelala ndani, na yule aliyeanza kutembea huwa yuko pale pale tutani, mikono imejaa udongo.

Ufundi huu haujapewa heshima yake. Huhesabiwa kuwa kazi ndogo ya akina mama na bibi, kitu cha kupitishia jioni, ilhali unadai maarifa ya namna mbili kwa wakati mmoja: kujua mmea unataka nini, na kujua mtoto wa umri fulani anaweza nini. Mkulima hodari aliyezoea kufukuza watoto shambani huyajua ya kwanza tu. Mlezi mpole asiyeijua samadi mbichi na iliyoiva huyajua ya pili tu. Bustani ya familia inasimama pale yanapokutana, na ugumu wake mkubwa ni muda: mimea ina mwendo wake, subira ya mtoto ni fupi, na mwenye bustani ndiye anayepaswa kuvipatanisha.

Mfano mashuhuri wa makazi na bustani kuwa kitu kimoja ni kihamba cha Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Nyumba imo ndani ya mazao. Juu ni miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga za majani. Ng'ombe na mbuzi hulishwa zizini, na samadi yao hurudi kwenye migomba. Maji huletwa na mifereji ya asili inayotoka juu mlimani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuingiza mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia. Kwa malezi, thamani ya kihamba iko katika jambo la kawaida kabisa: mtoto hapelekwi kujifunza kilimo, kwa sababu njia ya kwenda zizini inapita katikati yake. Kabla hajajua kuhesabu, anajua mgomba upi umekatwa mkungu na upi bado.

Mjini nafasi ni finyu, lakini haikosekani. Ndoo iliyopasuka, kiroba cha unga, tairi kuukuu na gunia vyote hubeba mboga. Kibera, jijini Nairobi, bustani za magunia zilienea baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Gunia husimamishwa, kisha kopo kubwa lisilo na kitako huwekwa katikati na kujazwa kokoto. Udongo uliochanganywa na samadi hujazwa pembeni, kopo huvutwa juu, hujazwa kokoto tena, na kadhalika mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto hushusha maji hadi chini, na miche ya sukuma wiki hupandikizwa juu na katika matundu yanayotobolewa ubavuni. Hakuna kazi ya bustani inayomfaa mtoto wa miaka mitatu kuliko kupokeza kokoto moja moja. Udongo wa kujazia, hata hivyo, usichotwe kando ya barabara kubwa wala karibu na gereji, kwa kuwa huenda una risasi na metali nyingine ambazo huwadhuru zaidi watoto wadogo.

Kabla ya mbegu, uani wenyewe hukaguliwa. Ua wa mbono kaburi, unaopendwa kwa kuwa mbuzi hawauli, una mbegu zenye sumu ambazo watoto hudanganyika wakadhani ni karanga. Penye watoto ni afadhali ung'olewe. Pipa na ndoo za maji hufunikwa, kwanza kwa ajili ya mtoto anayetambaa, pili kwa ajili ya mbu. Samadi mbichi huwekwa mbali mpaka iive, kwa maana mtoto wa mwaka mmoja huonja kila anachoshika, na mayai ya minyoo hayaonekani. Halafu kuna kuku. Kuku mmoja mwenye vifaranga humaliza tuta la miche asubuhi moja, kwa hiyo uzio wa fito au wavu unatangulia kila kitu.

Tuta la kawaida hufanywa la upana wa mita 1 ili mkono wa mtu mzima ufike katikati kutoka kila upande. Mkono wa mtoto hauendi huko. Akitaka kufikia mmea wa katikati atapanda juu ya tuta, atakanyaga miche, atakemewa, na siku ya pili hatakuja. Tuta la sentimita 60 linaondoa ugomvi huo wote. Ni badiliko dogo la vipimo, na huenda ndilo lenye faida kubwa kuliko yote ambayo mzazi anaweza kuyafanya kwa jembe.

Mmea wa kuanza nao ni mchicha. Mbegu zake ni ndogo kama kichwa cha pini, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kumwagwa, na kuchanganya mchanga ni kazi ambayo mtoto haombwi mara mbili. Huota kati ya siku 3 na 7, na katika wiki 3 hadi 4 huwa tayari kung'olewa. Muda huo mtoto wa miaka minne anauweza: aliyemwaga mbegu bado anakumbuka kwamba alimwaga. Karoti, ambayo watu huipendekeza kwa watoto kwa sababu ya utamu wake, inataka zaidi ya miezi miwili gizani, na katikati ya safari mtoto huifukua kuitazama. Si mtundu, amengoja kadiri anavyoweza.

Kunde zina faida nyingine. Mbegu yake inashikika kwa vidole vinene visivyo na ustadi, huchipua haraka kwa nguvu inayoonekana, na majani yake machanga huchumwa kabla hata ua halijafikiriwa. Pia mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo tuta lililokuwa na kunde hulisha vizuri mboga itakayofuata. Matembele ni rahisi zaidi. Marando ya urefu wa sentimita 30 hivi hulazwa na kufukiwa nusu, nayo humsamehe mpandaji karibu kila kosa. Yakiwa ya viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa, nyumba hupata mboga juu na viazi chini. Viazi hivyo ndivyo vilivyowapa Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda sehemu ya Tuzo ya Chakula ya Dunia ya mwaka 2016, kwa kazi ya kupambana na upungufu wa vitamini A, ambao huwaumiza hasa watoto wadogo.

Mboga ya maboga ndiyo shule kubwa. Mmea huo hutoa maua ya kiume na ya kike, na tofauti yake haihitaji darubini: ua la kike limekalia kiboga kidogo, la kiume limesimama juu ya kikonyo kitupu. Mtoto wa miaka mitano akionyeshwa mara moja hasahau. Akienda alfajiri huwakuta nyuki wakitoka katika ua moja na kuingia jingine, na siku chache baadaye huona viboga vingine vikinenepa na vingine vikinyauka kwa kukosa chavua. Mpapai hufundisha jambo lilelile kwa mwendo mrefu. Miche miwili au mitatu huachwa katika shimo moja mpaka itoe maua, ndipo dume huondolewa na jike kubaki. Katika maeneo ya joto, mpapai uliooteshwa mtoto anapozaliwa unaweza kuwa na matunda ya kwanza yapata wakati anapotimiza mwaka, naye huwa tayari kula papai lililopondwa. Bibi wengi wa pwani hawakuhitaji kitabu ili wapande hivyo.

Kazi hugawanywa kwa umri. Wa miaka miwili hubeba kopo la maji na kumwaga robo yake njiani. Wa mitatu hutia mbegu kubwa shimoni. Wa minne hutambua gugu moja, si yote; hupewa ndago peke yake, na kila anapoing'oa huonyeshwa kwamba ina kitunguu chini. Wa mitano hupewa kipande chake mwenyewe, na hapo ndipo ufundi wa mzazi unapojaribiwa kweli. Kipande hicho kitapandwa mistari iliyopinda, kitamwagiliwa mara nne kwa siku, kisha kitasahauliwa. Kukirekebisha usiku mtoto akiwa amelala ni kumnyang'anya. Miche ikifa, ife. Sababu huzungumzwa asubuhi, palepale, bila lawama.

Jembe la nyumbani lisiwe adhabu kamwe. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule ziwe na mashamba ili mwanafunzi asitenganishwe na kazi ya jamii yake. Wazo lilikuwa jema na bado ni jema. Lakini katika shule nyingi jembe lilikuja kutolewa kwa mchelewaji na mpiga kelele, na mtoto hujifunza haraka kwamba anachofanyishwa mkosaji ni kitu cha kukimbiwa. Bustani ya uani ina nafasi ya kulirudishia jembe hadhi yake, mradi mtoto aione kuwa ni ruhusa anayopewa.

Kumwagilia hufanywa asubuhi au jioni, chini kwenye shina. Panapouzwa maji kwa dumu, yale ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi. Yana wanga na vumbi tu, na tuta huyapokea. Kopo lililotobolewa matundu kwa msumari ni chombo bora kwa mtoto kuliko ndoo, kwa kuwa haliwezi kuchimbua mbegu. Nyasi kavu zilizotandazwa juu ya udongo hupunguza safari za bombani, na chini yake mtoto hukuta nyungunyungu, ambao kwa wengi ndio sehemu inayopendwa kuliko mboga zenyewe.

Wadudu mafuta hukaa chini ya jani, mahali ambapo jicho la mtoto aliyechuchumaa hufika kabla ya la mtu mzima. Majivu makavu yaliyonyunyizwa alfajiri penye umande, au maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, hutosha kwa tuta dogo likishughulikiwa mapema. Konokono huokotwa kwa mkono uliovikwa mfuko. Sumu za dukani hazina nafasi katika bustani ambayo mtoto huchuma na kutia mdomoni papo hapo, na hazihifadhiwi kabisa katika chupa za soda.

Mavuno huishia jikoni, na bustani isiyofika huko ni pambo. Mtoto akifikisha miezi 6, majani laini ya mchicha au matembele yaliyopikwa na kupondwa huanza kuingia katika chakula chake pamoja na maziwa ya mama. Rangi ya kijani iliyokoza huficha beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kazi hiyo inataka mafuta. Tui la nazi la pwani na karanga za kusaga za bara vinaleta utamu na mafuta hayo kwa pamoja. Tone la ndimu husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Chai ya rangi pamoja na mlo hufanya kinyume. Kisamvu hutwangwa na kuchemshwa sana, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo hutoa sianidi, na mtoto hufundishwa mapema kwamba hilo si jani la kuonja. Vivyo hivyo matunda mabichi ya mnavu.

Uchungu wa mgagani na mnavu ni suala la pekee. Kwa miaka mingi mboga hizi ziliitwa za maskini, na soko likazisukuma pembeni mbele ya kabichi. Utafiti wa wataalamu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta umesaidia kuzirudisha mezani kwa kuonyesha utajiri wa virutubisho vyake. Mtoto hahitaji kushawishiwa kwa hoja hizo. Jani lililopikwa kwa maziwa, likaonjwa kidogo leo na kidogo kesho, na likiwa limechambuliwa na vidole vyake mwenyewe, mwishowe huliwa. Kumlazimisha amalize sahani huharibu kazi ya wiki nzima.

Mwisho wa msimu, mimea miwili au mitatu yenye afya huachwa bila kuchumwa izae mbegu. Mashuke ya mchicha yakikauka hukatwa, hupigwapigwa juu ya ungo, na makapi hupepetwa. Watoto hufanya kazi hii vizuri kuliko zote, kwa kuwa haina namna ya kuharibika. Kunde huachwa zikaukie ndani ya maganda, kisha hupukuchuliwa na kuchanganywa na majivu ili zisitobolewe na wadudu. Mbegu zote huanikwa kivulini siku kadhaa, hutiwa katika chupa kavu yenye kifuniko, na jina la mboga na mwezi wa kuvunwa huandikwa kwenye karatasi inayobandikwa nje. Chupa hukaa mahali pakavu pasipo na joto la jiko, mpaka vuli au masika zitakapoanza kunyesha.