Muuguzi wa Gereza na Upele
Upele huletwa na utitiri mdogo unaochimba ndani ya ngozi na kuwasha zaidi usiku. Mpimba, gereza kuu la Bujumbura, lilijengwa kwa watu 800, nalo limejaa kupita kiasi hicho mara kadhaa. Penye msongamano, wanawake na watoto wao wachanga huambukizana upesi. Pongezi ni za muuguzi wa gereza, ambaye kazi yake haiishii kwa anayejikuna. Wote wanaolala pamoja hupakwa dawa siku moja, watu wazima toka shingoni hadi nyayoni, watoto wachanga hata kichwani, na nguo hufuliwa kwa maji moto. Akisahauliwa mmoja, kazi huanza upya. Mwasho huweza kudumu wiki kadhaa hata utitiri ukishakufa, na hilo muuguzi hulieleza tena na tena, kwa subira kubwa.