George Bähr: Seremala na Nyumba ya Neno

Wanaoandika juu ya kanisa la Frauenkirche la Dresden, Ujerumani, aghalabu huanza na kuba lake. Twaona kwamba kwa kufanya hivyo humwanzia George Bähr juu, hali yeye mwenyewe alianza chini.

Bähr alizaliwa mwaka 1666 kijijini Fürstenwalde, katika Saxony, mwana wa mfumaji maskini. Alijifunza useremala, na mwaka 1705 akafanywa seremala mkuu wa Baraza la Mji wa Dresden. Kanisa la Loschwitz, lililokamilika mwaka 1708, latosha kuonyesha nia yake: ukumbi wa pembe nane, roshani zikiuzunguka, usharika wote ukiwa karibu na mhubiri.

Mwaka 1697 mtawala wa Saxony, Augustus Mwenye Nguvu, alikuwa ameingia Ukatoliki ili apate ufalme wa Poland. Raia zake walio wengi walibaki Walutheri. Katika hali hiyo msingi wa Frauenkirche uliwekwa mwaka 1726. Bähr hakulinyoosha jengo kama njia ya maandamano, bali aliwakusanya watu. Altare, mimbari, birika la ubatizo na kinanda vyote viko mbele yao, upande mmoja. Aliyesoma kifungu cha saba cha Ungamo la Augsburg atakitambua humo: Kanisa ni kusanyiko ambamo Injili yahubiriwa na Sakramenti zatolewa ipasavyo. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo ulipo ukuu wake. (Vile vyumba vya sala vya wenye vyeo, vilivyotengwa kwa madirisha ya vioo, vyalipinga kusanyiko hilohilo, wala hatuoni sababu ya kulinyamazia jambo hili.)

Kuhusu kuba twasita. Lilikusudiwa kuwa la mbao zilizofunikwa kwa shaba. Bähr akashikilia jiwe. Uzito wake, tani zipatazo 12,000, uliielemea mno misingi ya nguzo nane, na nyufa zikatokea. Mizinga ya Prussia ya mwaka 1760 haikuliangusha, ila moto wa Februari 1945 uliziunguza nguzo, na tarehe 15 likaporomoka. Waliolijenga upya, tangu 1994 hadi lilipowekwa wakfu mwaka 2005, walifuata umbo la Bähr lakini wakaongeza pete za chuma za kulishika.

Bähr alifariki mwaka 1738, miaka mitano kabla ya jengo kukamilika. Lakini usharika ulikuwa ukiabudu humo tangu Februari 1734, kuba likiwa bado halijafungwa.