Mzizi wa iboga una wenyewe
Wataalamu wakisimulia habari za iboga, ule mti mdogo wa Gabon uletao njozi, huanzia Ufaransa: mwaka 1901 Dybowski na Landrin walitoa ibogaini katika mizizi yake, mwaka 1962 Mmarekani Lotsof aliimeza, akaona hamu ya heroini imemtoka, mwaka 1985 akapewa hati ya uvumbuzi wa tiba hiyo.

Twakubali hayo, lakini twaona masimulizi yamekatwa kichwa. Wamitsogo waliujua mzizi huo zamani. Katika Bwiti mlaji huongozwa na wazee usiku kucha. Ibogaini huweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuua. Basi kumlinda mlaji ni elimu. Walimu hao watajwe kwanza.