Istilahi ya "Wingu": Kasoro na Pendekezo

Neno "wingu", litumiwalo na watunzi wa programu kwa huduma ya kukodi kompyuta kupitia intaneti, limetafsiriwa sisisi. Kwa Mswahili wingu ni kitu kipitacho, kisicho na mwenyewe wala makazi. Huduma hiyo, kinyume chake, ina jengo, umeme na mwenye funguo.

Tarehe 10 Machi 2021 jengo la ghorofa tano la kampuni ya OVHcloud, mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Wapo wateja waliokuwa na nakala rudufu, nazo zikaungua mumo humo. Mwaka 2023 Mahakama ya Biashara ya Lille iliiamuru kampuni imlipe fidia mteja mmoja. Mkataba uliahidi nakala iliyotengwa na mahali penye seva. Je, iliyomo katika jengo lile lile imetengwa? Mahakama ilikataa.

Kwa hiyo "nakala rudufu" nayo haitoshi, kwani kurudufu ni kuongeza idadi tu. Twapendekeza "nakala ya akiba" kwa ile iliyowekwa mahali pengine, maana akiba haiwekwi pamoja na matumizi ya leo.

"Wingu" limekwisha kuzoeleka. Na libaki katika mazungumzo. Lakini katika mikataba, mitaala na nyaraka za serikali ingefaa iandikwe "seva za kukodi", na mahali zilipo patajwe. Mfasiri akilificha hilo, msomaji wake atalijua siku ya moto.